Bawa Asiloligusa

"Wewe umependa au umelogwa?" Irja aliuliza, akilizima gari kwenye maegesho ya hospitali. "Niambie tu nijue, maana kama umelogwa tutafute dawa."

Saimi alikuwa anahangaika kuufungua mkanda wa gari kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji nene tangu vidoleni mpaka juu ya kifundo. Dada yake akamwangalia akihangaika, akasonya, kisha akamfungulia.

"Asante, dada."

"Usinishukuru. Nimekuleta kwa sababu basi la saa sita limefutwa, na kwenye baridi ya nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri sina moyo wa kukuacha kituoni. Lakini huko juu sipandi. Nikimwona yule mwanaume nitamvunja na kile kilichobaki kizima."

"Irja!"

"Irja nini? Wiki ya tatu hii unambebea mzigo wake. Mji mzima wa Kiviharju unajua ni wewe uliyeangusha ndege. Juzi niko dukani nachukua maziwa, nasikia nyuma yangu, 'Huyo ndiye dada yake Nimegusa.' Umepata jina, mwenzangu! Nimegusa! Na bwana mwenyewe amelala, anapelekewa maua."

"Ameahidi. Leo anamwambia mama yake ukweli."

"Aliahidi Jumatatu."

"Jumatatu alikuwa na homa."

"Na Alhamisi?"

"Alhamisi mama yake hakutoka chumbani hata dakika moja." Saimi akafungua mlango, na baridi ikaingia garini.

"Haya, nenda," Irja alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Saa nane yule mpelelezi wa ajali anakuja na karatasi ya maelezo yako. Ukishatia sahihi, Saimi, basi. Urubani umekwisha, jina lako limekwisha. Mimi siwezi kukuamulia. Nakungoja hapa hapa, na injini nitaiwasha kila robo saa nisije nikaganda."

Saimi akaukata uwanja wa hospitali kwa hatua fupi fupi, theluji ikilia chini ya buti zake. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Jamani, kupenda! Mtu mwenye akili zake timamu, anayejua kuhesabu dira na upepo, anayeweza kumnyoa mlevi bila kumchubua, mtu huyo huyo akipenda unaweza kumpa gogo abebe na akakushukuru kwa kumkumbuka. Saimi Kuorikoski alikuwa na miaka ishirini na tisa. Kazi yake ilikuwa kukata watu nywele katika saluni ndogo karibu na kanisa, na kwa majira mawili ya baridi alikuwa amejinyima kila kitu ili ajifunze kurusha ndege. Mwalimu wake katika klabu ya marubani alikuwa Oiva Savilampi, mwanaume wa miaka thelathini na minne mwenye sauti ya taratibu, ambaye hata ndege ikiyumba yeye husema, "Polepole, Saimi, haina haraka ya kuanguka."

Walipendana juu ya bawa la ndege, hivyo ndivyo wenzao walivyowatania. Oiva alikuwa na sheria yake ya baridi, na hakuna mwanafunzi aliyepanda bila kuitimiza. Ukishafagia theluji, unavua glavu, unapapasa bawa kwa mkono mtupu kuanzia ubavuni mwa ndege hadi nchani. "Barafu inadanganya macho," alikuwa akisema, "mkono haiuwezi." Kisha anauliza kwa sauti, "Umegusa?" Nawe unajibu, "Nimegusa." Bila neno hilo mlango wa ndege haufungwi. Saimi alikuwa analisema huku vidole vinamuuma kwa baridi, na Oiva anavichukua vidole hivyo na kuvipuliza hadi vipate joto. Mapenzi yao yalianzia kwenye hiyo pumzi.

Jumamosi ile ya Januari waliitoa ndege bandani, na banda lina joto. Mara theluji ikaanza kumwagika, laini na nzito. Oiva akasema waiache ipite, waingie ndani wanywe kahawa. Kahawa gani! Alikuwa na pete mbili mfukoni, za dhahabu, hazina nakshi, moja yake na moja ya Saimi kama desturi ilivyo. Akamvisha, akavishwa. Wakacheka, wakalia, wakabusiana mpaka kahawa ikapoa. Dakika ishirini zilipita, na nje theluji ilikuwa inaangukia bawa lenye joto, inayeyuka, inaganda, kisha inafunikwa na theluji nyingine kavu juu yake.

Walipotoka, Oiva alifagia kwa ufagio, na bawa likaonekana safi. Saimi alikuwa ameshavua glavu. Hilo asije mtu akalibisha, alikuwa ameshaivua! Oiva ndiye aliyeudaka ule mkono wenye pete, akaubusu, akaurudishia glavu mwenyewe kidole kwa kidole.

"Mkono huu leo sio wa kugandishwa," alisema. "Nimeshafagia. Panda, mke wangu, twende kabla wingu halijarudi."

Na Saimi akapanda. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyejibu. Akasukuma mpini wa mafuta, ndege ikaacha ardhi, ikafika usawa wa ncha za misonobari, ikaanza kutetemeka. Oiva akapiga kelele, "Naichukua mimi!" akashika usukani, lakini bawa la kushoto lilikuwa limeshalala. Wakaingia msituni.

Saa moja na dakika arobaini walikaa mle kabla ya kuokolewa. Oiva alikuwa hausikii mgongo wake, na glavu zake hazikuonekana. Saimi akamvisha zake. Kichwa cha Oiva kilikuwa kinaning'inia, hawezi kupumua vizuri, kwa hiyo Saimi akapitisha mkono wake wa kushoto kati ya shingo yake na chuma, akauacha hapo, mtupu, mpaka watu wa uokoaji walipokuja na misumeno. Hospitalini waliikata kwanza pete ili kuokoa kidole. Siku ya nne wakakikata na kidole, pamoja na kile kidogo cha jirani yake.

Oiva aliamka siku ya pili, akamwita. Maneno yake ya kwanza Saimi aliyakumbuka yote.

"Sema nilikuuliza, nawe ukajibu umegusa. Nakuomba. Wewe ni mwanafunzi, mwanafunzi akikosea anasamehewa. Mimi wakijua nimeruka sheria yangu mwenyewe, leseni ya ualimu inakwenda, na kile chuo cha marubani cha kusini kilichoniahidi kazi hakitanichukua tena. Nitakuwa nani, Saimi? Mgongo umevunjika, nitakuwa nani? Mama nitamwambia ukweli mwenyewe, yeye ajue. Wengine waache waseme."

Saimi akakubali. Mpelelezi alipokuja akamwambia alivyoambiwa aseme. Usiku ule alilala usingizi mzuri, fikiria! Alijiona amefanya jambo kubwa la mapenzi.

*

Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu, mwisho wa ukumbi. Mama Elma Savilampi alikuwa kwenye kiti chake cha kila siku kando ya kitanda, anafuma soksi ya sufu ya kijivu, na sindano zake hazikusimama Saimi alipoingia.

"Umekuja tena," alisema.

"Habari za mchana, Mama Elma."

"Usiniite mama. Mimi nina mtoto mmoja, huyo hapo, na nusu yake hainisikii nikiigusa."

Oiva alikuwa ameegemezwa kwenye mito. Alikuwa amenyolewa ndevu na kuchanwa nywele vizuri, akamtupia Saimi jicho la haraka, kisha akalirudisha dirishani. Saimi alikuwa na njaa ya lile jicho. Kilomita themanini alikuwa anazikata kwa basi, tena na tena, kuja kutafuta jicho hilo, na kila mara lilikuwa linafupika.

"Unaendeleaje, mpenzi?"

"Vizuri. Wanasema nitatembea. Na fimbo, lakini nitatembea."

"Oiva! Mbona hukuniambia kwenye simu? Ni lini wamesema?"

"Jumanne," mama akadakia. "Alimwambia mama yake. Wewe ulitaka uambiwe kama nani?"

Akaweka ufumaji chini, akafungua chupa ya kahawa. Juu ya meza ya kitanda palikuwa na vikombe vitatu na mkate mtamu wa iliki uliokatwa vipande. Mama Elma akamimina cha Oiva. Akamimina chake. Kile cha tatu akakigeuza kifudifudi, taratibu, akihakikisha kinaonekana, kisha akakifunga kifuniko cha chupa.

Saimi alizaliwa na kukulia Kiviharju. Kule hata mtoza ushuru akija nyumbani anapewa kahawa, hata mwizi akikamatwa sebuleni anapewa kahawa wakati polisi wanasubiriwa. Tangu azaliwe hakuwahi kuingia mahali akanyimwa. Uso ulimwaka, lakini akavuta kiti cha karibu na mlango akaketi.

"Miaka minne," Mama Elma alisema, akipulizia kikombe chake, "miaka minne nimekuachia kichwa changu na mkasi mkononi mwako. Nikawa nawaambia watu, yule binti ana mkono wa uangalifu. Mkono wa uangalifu! Kumbe hata kuupitisha kwenye bawa ulikuwa uvivu."

"Mama," Oiva alisema.

"Mama nini? Nasema uongo? Uliuliza, hukuuliza?"

Saimi akamtazama Oiva. Haya sasa, alisema kimoyomoyo, mlango umefunguliwa, ingia. Sema.

Oiva akakohoa. "Niletee maziwa, mama. Kahawa hii kali."

"Maziwa tangu lini? Wewe hunywi maziwa."

"Leo nataka."

Mama Elma akamwangalia mwanawe, akamwangalia Saimi, akasimama. Alipopita mlangoni alivuta sketi yake kando isimguse Saimi gotini.

Mlango ulipofungwa Saimi alikuwa ameshafika kitandani. "Utamwambia sasa hivi? Akirudi?"

"Subiri kwanza utie sahihi."

"Ulisema kabla ya sahihi. Ulisema yeye ajue, wengine waache waseme."

"Mama hawezi kufunga mdomo, unamjua. Akijua leo, kesho klabu nzima inajua. Mpelelezi akishaondoka na karatasi, hapo tutaona."

"Tutaona?" Saimi akaketi ukingoni mwa kitanda. "Oiva, watu wanabadilisha upande wa barabara wakiniona. Wiki iliyopita walikuja wateja wawili tu, na mmoja alikuja kunichungulia mkono. Yote haya nayaweza. Kweli nayaweza. Lakini mama yako awe anajua. Awe anajua nilikupenda, sikukuua. Mtu mmoja tu, Oiva."

"Unafikiri mimi nalala hapa nafurahi?"

"Sijasema hivyo."

"Mimi nimepoteza mgongo. Wewe vidole viwili. Kwa nini tushindane nani anaumia?"

Saimi akauinua mkono wenye bendeji, akauweka juu ya shuka karibu na wa Oiva, maana alitaka tu kuushika, hakuwa na nia nyingine. Oiva akauona. Akauondoa wake, akautia chini ya shuka.

"Hujawahi kuuangalia," Saimi alisema. "Hata siku moja."

"Naumia nikiuona."

"Nami naumia nikiuona. Lakini ni wangu, nifanyeje? Mkasi nashikia wapi, nywele nashikia wapi? Nakuja hapa nikitegemea utanipuliza kama zamani, hata juu ya bendeji. Ni ujinga, najua."

"Nywele zinakatwa hata kwa vidole vitatu," Oiva alisema, macho yakiwa dirishani. "Urubani haufundishwi bila leseni. Fikiria vizuri."

Lo! Kuna maneno yakishasemwa hata aliyeyasema hutamani kuyameza. Oiva naye aligeuka haraka, akafungua mdomo, lakini alichokitoa kilikuwa kingine.

"Sikuwa na maana mbaya. Nimechoka. Dawa hizi zinanichanganya."

"Pete yako iko wapi?" Saimi aliuliza. Mkono wa Oiva ulikuwa umetoka tena chini ya shuka, na kidole cha pete kilikuwa kitupu.

"Mama ameiweka. Vidole vinavimba."

"Havijavimba."

Mama Elma akaingia na kikombe cha maziwa. Akawakuta walivyo, mmoja ukingoni mwa kitanda, mwingine amejivuta ukutani, na hakuhitaji kuelezwa. Akaweka maziwa mezani. Hakuna aliyeyanywa.

"Sikiliza, Saimi," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya utulivu, na afadhali angegomba. "Mimi sikukutaka tangu mwanzo, na nilinyamaza. Mwanangu alisema anakupenda, nikasema haya, mtu mzima. Nimezika mume, sikutaka kugombana na mtoto niliyebaki naye. Ukaingia kwenye ndege yake, ukamwambia umegusa, na hukugusa. Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wewe umekula wa kwangu. Sasa atatembea na fimbo. Nani atamtunza? Wewe? Kwa mkono upi?"

"Nitamtunza, Mama Elma. Kwa huu na huu."

"Kwa huo?" Mama Elma akaunyooshea kidole mkono wenye bendeji. "Hata kidole cha pete Mungu amekichukua, mtoto wee! Unataka akuandikie barua?"

Saimi alihisi maneno hayo yanaingia yanakaa. Hakulia. Alikuwa anamtazama Oiva. Uso wa Oiva ulikuwa umebadilika rangi, midomo inacheza, na Saimi akajua kwa hakika kwamba sasa atasema, kwamba hakuna mwanaume anayeweza kusikia hilo akanyamaza, sio Oiva wake, sio yule aliyekuwa akimpulizia vidole.

"Oiva," alimwita. "Mwambie mama mkono huu ulikuwa wapi ile saa moja na dakika arobaini. Hilo tu. Mengine acha. Mwambie ulikuwa wapi."

Kwenye ukumbi kigari cha chakula kilipita na sahani zake.

"Ulikuwa wapi?" Mama Elma akauliza, safari hii akimwuliza mwanawe.

"Sikumbuki vizuri," Oiva alisema. "Nilikuwa nimezimia."

Alikuwa hajazimia. Muda wote ule alikuwa anazungumza, anamwomba asimwache, anamsimulia nyumba watakayojenga, sauna itakaa upande gani, watoto watalala wapi.

"Basi," Mama Elma alisema. "Mwambie na lile tulilozungumza. Au niseme mimi?"

"Mama, sio leo."

"Leo. Hasa leo, kabla mtu hajatia sahihi akadhani kukiri kwake kumemnunulia ndoa."

Oiva akashika ukingo wa shuka, akaukunja, akaukunjua. Alipozungumza alizungumza na hilo shuka.

"Saimi, tumefikiria, labda ingekuwa vizuri tupumzike kwanza. Mpaka nipone. Watu wanasema mengi, na kile chuo, wakijua mtu aliyeniangusha ndiye mchumba wangu, haitakaa vizuri. Utaelewa. Wewe una moyo mkubwa."

"Aliyekuangusha," Saimi alirudia.

"Ndivyo karatasi itakavyosema."

"Tupumzike, au tuachane?"

"Sema wazi, mwanangu," Mama Elma alisema. "Mfanyie uungwana."

"Tuachane," Oiva alisema.

Mlango ukagongwa. Mpelelezi Tolvanen alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mafua ya kudumu, na alipoingia aliomba radhi kwa kuwahi robo saa, barabara ilikuwa nzuri kuliko alivyotegemea. Mama Elma akakigeuza kile kikombe cha tatu, akakijaza kahawa, akampa na kipande cha mkate. Tolvanen akashukuru, akakaa, akaifungua bahasha magotini. Hakuona kitu. Au labda aliona, ila kazi yake ilimfundisha kutoona.

"Haichukui muda," alisema. "Nitasoma ile sehemu muhimu, Bi Kuorikoski, kisha ukiridhika unatia sahihi chini. Unaweza kushika kalamu? Ah, ni mkono wa kushoto, samahani." Akajifuta pua. "'Kabla ya kuruka, mwalimu aliniuliza kama nimepapasa mabawa kwa mkono mtupu. Nilimjibu kwamba nimegusa. Kwa kweli sikuwa nimegusa.' Ni sawa hivyo?"

Tolvanen akainua macho.

Saimi alikuwa amesimama. Kifuani alisikia kitu kama mtu anayejifunga mzigo wa safari. Ungemwuliza kama bado anampenda yule mwanaume, angekwambia ndiyo, na ndilo lililokuwa likimuuma zaidi. Ingekuwa nafuu kama asingempenda.

"Sio sawa," alisema.

"Saimi, mpenzi wangu," Oiva alisema.

Wiki tatu! Wiki tatu alikuwa amelifuata neno hilo kwa basi, kwenye giza la asubuhi, na mkono wenye bendeji kwenye mfuko wa koti. Aliliomba bila kulitaja. Alikuwa radhi kuangushiwa ndege zote za Kiviharju ili alisikie mara moja. Na sasa limetoka, laini kabisa, kwa ile sauti ya taratibu ya zamani, na macho ya Oiva yametua juu yake hatimaye, yote mawili, yamejaa maji. Saimi akayatazama. Akaona hofu. Alitafuta kingine nyuma yake, akatafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, hakuona.

"Andika," alimwambia Tolvanen. "Hakuniuliza. Nilikuwa nimeshavua glavu ili nipapase bawa, akanizuia, akanivisha tena mwenyewe. Alisema amefagia, ni safi. Ndege ilikuwa imetoka kwenye joto, ikakaa kwenye theluji dakika ishirini, na yeye ndiye aliyetufundisha sote kwamba hivyo ndivyo barafu inavyojificha. Alijua. Nami nilijua, nikapanda. Kosa langu ni kupanda. Uongo nilioutoa siku ile aliniomba niuseme, akiwa kwenye kitanda hiki hiki."

Kalamu ya Tolvanen ilikuwa imeshaanza kutembea. "Na hizo dakika ishirini mlikuwa wapi?"

"Ndani. Tunachumbiana."

Tolvanen akasita kidogo, akaandika na hilo.

"Muongo!" Mama Elma alisimama, soksi ikaanguka, uzi ukaviringika hadi chini ya kitanda. "Kwa sababu umeachwa! Ameachwa sasa hivi, bwana, ndiyo maana anamchafua mwanangu. Oiva, mwambie. Oiva! Anasema uongo, sivyo?"

Oiva aligeuza uso ukutani. Mgongo haukumruhusu kugeuka zaidi ya hapo, kwa hiyo sikio lake na shavu lake vilibaki upande wao, na wote watatu waliona shavu hilo linavyotetemeka.

"Mwanangu, nakuuliza."

Mama Elma akabaki amesimama, mikono imenyooka mbele kama bado imeshika sindano, na taratibu macho yake yakahama kutoka kwenye lile shavu hadi kwenye mkono wenye bendeji. Alitaka kusema kitu. Saimi hakumsubiri, maana neno lolote ambalo yule mama angelitoa wakati ule lingekuwa limechelewa kwa wiki tatu na vidole viwili.

Tolvanen akapiga mistari juu ya maneno ya zamani, akaandika mapya pembeni, akamwomba aweke sahihi fupi kila mahali palipobadilishwa. Saimi akaweka sahihi, moja, mbili, tatu, kwa mkono wa kulia uliotulia kabisa. Kisha mpelelezi akarudi kwenye ukurasa wa kwanza, akajifuta pua, akaonekana kuona aibu.

"Kuna na hapa juu," alisema kwa sauti ya chini. "Mahali pa uhusiano wako na mwalimu. Siku ile tuliandika mchumba. Nimesikia... Niache hivyo hivyo, au?"

Kitandani pumzi ya Oiva ilisimama. Saimi aliisikia ikisimama.

"Futa," alisema. "Andika mwanafunzi wake."